Nitafutieni Aliyegombana Naye

Kazi yangu ilikuwa kuendesha gari la wakili na kuwa mkalimani wake. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo mtu asinitegemee kwa sheria. Sheria ninayoijua mimi ni ile iliyopita mdomoni mwangu ikitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na nyingi ilipita tu kama maji kwenye bomba. Hii moja ilikwama. Hata sasa nikiikumbuka chai hainishuki vizuri.

Wakili wangu alikuwa Mhindi aliyesomea Uingereza, kijana bado, ofisi yake Mbeya, nyuma ya maduka. Wateja wake hawakuwa watu wa kesi za kuku na mbuzi. Walikuwa watu wa nchi nyingi. Mgiriki ana shamba la tumbaku upande wa Iringa, mke yuko Ugiriki, mtoto wa kiume yuko Afrika Kusini. Mhindi ana duka Mbeya, mama yake yuko Bara Hindi, ndugu yake ana duka jingine Nyasa. Watu wa namna hiyo serikali zinawapenda sana. Kila moja inasema huyu ni wangu, na si kwa mapenzi, ni kwa kodi. Kazi ya wakili ilikuwa kuonyesha mtu huyu kwao hasa ni wapi, ili alipe mahali pamoja asilipe pawili, na akifa ijulikane mali yake ifuate njia gani. Mwanzoni nilidhani analipwa bure. Mtu hajui kwao? Kumbe huko ndiko kulikokuwa na shida yote.

Alikuwa na swali lake, hakuna mteja aliyelikwepa. Mtu akishakaa, hata chai hajaletewa, wakili anamwuliza, "Umekusudia kufia wapi?" Basi. Hivyo hivyo. Mimi nageuza maneno huku natazama sakafu. Mgiriki alikuwa anacheka. Mwarabu mmoja wa Rujewa aliinuka, akachukua bakora yake, akasema yeye amekuja kwa habari ya kodi, hakuja kuapizwa, akaondoka. Nikamwambia wakili, bwana, huku kwetu mtu haulizwi hivyo. Akasema sheria haina swali jingine. Kwa sheria, kwenu ni mahali ulipo na unapokusudia kubaki mpaka mwisho. Nikajaribu kulilainisha, nikawa nawauliza watu, "Uzee wako utakuwa wapi, inshallah?" Hapo wakawa wanajibu vizuri, ila wakili akawa analalamika kwamba majibu yao ni marefu kuliko nilivyomtafsiria. Hiyo nayo ilikuwa kweli. Mtu anakueleza uzee wake, nawe umwambie Mhindi kila kitu mpaka habari ya mbuzi?

Sasa, huyu marehemu.

Alikuwa Mshihiri, ndivyo watu walivyowaita Waarabu wa asili ya Hadhramaut, mwenye duka Mlandege, Iringa. Sura ya Kiarabu, Kiswahili cha Kilwa maana alizaliwa Kilwa, na Kihehe alikizungumza kuwapita Wahehe wengine. Mke wake alizaliwa hapo hapo Mlandege, mtoto wa watu wa pwani waliokuja na Wajerumani. Walikuwa na mabinti watatu. Mume alikuwa na lori, akapeleka mchele na vitunguu mpaka kwenye migodi ya shaba Rodeshia, na huko akafungua duka jingine dogo. Maisha yake yalikuwa njiani. Alikufa njiani vilevile, anarudi kutoka Morogoro. Homa ilimzidia Ruaha Mbuyuni, wakamzika huko huko, maana maiti ya Mwislamu haingojeshwi na lori lilikuwa limekatika springi.

Wiki haijapita, boma la Iringa likaja kufunga duka. Rodeshia imeandika kwamba marehemu alikuwa na biashara kwao na kodi yake haijaeleweka, na hapa nako wanataka ushuru wa mali ya marehemu. Mpaka ijulikane kwao ni wapi na nani msimamizi, mlango usifunguliwe. Wakatia kufuli lao juu ya kufuli la mwenyewe. Ndani kuna khanga, sukari, mafuta ya taa, magunia ya vitunguu. Mama yule na wanawe walikula kutoka kwenye lile duka. Nyumba yao ilikuwa nyuma yake. Wakawa wanalala ukuta mmoja na chakula chao na hawawezi kukigusa.

Kaka wa mjane, fundi cherehani, alipanda lori mpaka Mbeya kumtafuta wakili. Nakumbuka alifika ana vumbi mpaka kwenye kope, na wakili akamwuliza swali lake lile, na mimi nikasahau kulilainisha. Fundi akajibu, "Mimi? Mimi sijakusudia kufa, bwana. Nimekuja kwa ajili ya aliyekwisha kufa."

Tukaenda Iringa. Barabara ya siku zile sitaki kuisema sana. Asubuhi nilikuwa namwagia injini maji ya moto ndipo iitike, wakili amejikunja kwenye blanketi nyuma kama bibi harusi, na tukifika Sao Hill ukungu unakuwa mzito mpaka natoa kichwa dirishani ili nione ukingo. Alikuwa akinisomesha njiani. Akasema kesi hii ni nyepesi. Mtu amejenga Iringa, ameoa Iringa, watoto Iringa. Tukileta mashahidi wa kusema hapa ndipo alipokusudia kubaki, hakimu atampa mkewe usimamizi, duka litafunguliwa, na Rodeshia watachukua cha duka lao tu, wasiguse lori wala kingine. Tukishindwa, sheria inasema mtu asiyejulikana kwao anarudishwa kwa baba yake.

"Baba yake wa Kilwa?" nikamwuliza.

"Baba yake alikuwa anakaa Kilwa akisema kila mwaka atarudi Arabuni. Kwa hiyo kwao ni Arabuni."

"Lakini huyu Arabuni hajawahi kuiona."

"Haidhuru."

Nikabadilisha gia. Nilijiambia labda sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Mjane alikuwa amekaa eda, miezi minne na siku kumi, kwa hiyo tulizungumza naye pazia katikati. Wakili alikaa kwenye kiti, mimi mkekani, kaka yake mlangoni. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayepanga kazi. Alitutajia watu wa kwenda kuwauliza: imamu, mwuza nyama, mzee wa soko, jirani zake. Wote watu wazima, wote wamemjua marehemu tangu hana mvi.

Tukawafuata. Hapo ndipo nilipoanza kuumwa kichwa.

Imamu akasema, "Alikuwa mgeni mwema kabisa. Hajatuudhi hata siku moja."

Wakili akaniambia niulize tena, labda amekosea. Nikauliza. Akakazia, "Mgeni mwema. Alikuja kwa heri akaondoka kwa heri."

Mwuza nyama akasema marehemu alikuwa mpita njia kama sisi sote. Mzee wa soko, Mhehe, alituamkia "kamwene", akatukalisha, akasema yule bwana hakuwa na makuu, hakutaka ardhi ya mtu, hakudai kitu, alikaa kama mgeni anavyokaa, na Mhehe hamsahau mgeni wa namna ile. Alipomaliza alifuta macho. Wakili naye akataka kulia, ila kwa sababu nyingine.

Ni lazima nieleze, maana wajukuu wangu hawalijui jambo hili. Mtu wa pwani kwenye miji yetu ile, hata akae mpaka meno yamng'oke kwa uzee, sifa yake ilikuwa ugeni wake. Kumwita mwenyeji ilikuwa kama kumtuhumu: ametwaa kiwanja, amejitia usultani. Na wao wenyewe walipenda kusema "sisi wapita njia", ndiyo adabu yao na ndiyo dini yao pia, maana dunia yote ni njia. Sasa mtu amekufa, matanga hayajapoa, umekuja na Mhindi wa tai unauliza habari zake. Utasema nini? Utamsifu. Kila aliyempenda alimsifu, na kila sifa ilikuwa inampeleka Arabuni.

Jioni ile wakili hakula. Alikuwa amefikia kwa Mhindi mwenzake, mimi nikalala garini kama kawaida, lakini aliniita barazani akawa anatembea huku na huku.

"Hakuna mtu hata mmoja mji huu aliyegombana naye?"

"Kwa nini ugomvi, bwana?"

"Mgeni hagombanii mpaka. Mgeni hagombei uenyekiti wa msikiti. Anayegombana ni mtu anayekaa. Nitafutieni aliyegombana naye."

Kesho yake tukarudi kwenye pazia. Nikamwambia mjane kwamba wakili anataka ugomvi. Nikasikia anacheka pole pole, kicheko cha mtu ambaye hajacheka tangu msiba.

"Mwambie angesema mapema. Jirani yetu huyu mfyatua matofali. Waligombana mpaka boma likajua."

"Kwa ajili ya nini, mama?"

"Mpaka. Jirani alisogeza tanuri lake la matofali. Mume wangu akapanda minyaa kwenye mpaka usiku, asubuhi jirani akaing'oa. Wakatoka barabarani wote wawili. Mume wangu akamtukana matusi ya kumtosha yeye na waliomzaa, halafu akasema, watu wamejaa, akasema, 'Mimi hapa sing'oki. Nitakufa hapa nizikwe hapa, na mpaka huu nitawaachia wanangu.'"

Nilipomtafsiria wakili, alisimama. Kiti kilianguka. Akaniambia nimrudishie maneno yale moja moja, nitakufa hapa, nizikwe hapa, akayaandika, akayapigia mstari. Hiyo ndiyo sheria yenyewe, akasema. Hakuna wakili angeyatunga vizuri zaidi. Yule marehemu, mtu wa upole na shukurani miaka yote, akitulia ni mpita njia. Siku alipokasirika ndipo alipokuwa mtu wa Iringa.

"Na mama atakwenda kuyasema," nikasema.

Wakili akatikisa kichwa. Mke anadai mali, neno lake peke yake halitoshi. Kaka naye siku ile hakuwapo. Atafutwe aliyesikia. Aliyesikia zaidi ya wote ni yule aliyetukanwa.

Nikaenda mwenyewe kwa jirani. Mzee mwenye mikono iliyopasukapasuka, anageuza matofali juani. Ametoka ukoo wa watu wakubwa wa Kihehe, akasilimu akiwa kijana. Nikamsalimu, nikakaa juu ya tofali bovu, nikazunguka na habari za mvua, ndipo nikaingia.

"Mzee, unakumbuka mlivyopishana na marehemu?"

"Nakumbuka."

"Tunataka uje ukaseme kwa hakimu alivyosema siku ile."

Akaendelea kugeuza matofali. "Mdogo wangu, wewe ulikuwapo kwenye hitima?"

"Sikuwapo."

"Shehe aliuliza, mwenye neno na marehemu aseme. Nikasimama. Nikasema, tulikuwa na neno, nimemsamehe, duniani na akhera. Watu wakaitikia. Sasa unanitaka nikalichukue tena?"

"Hulichukui, mzee. Unalisema tu. Ni kumsaidia mkewe."

"Nitalisema nusu? Niseme alisema atazikwa hapa, nisiseme kwa nini? Hakimu ataniuliza aliyasema kwa sababu gani. Nitasema alimtukana mama yangu. Naye marehemu yuko kaburini peke yake kule Mbuyuni, hata sijamtupia udongo, halafu nisimame bomani nimsomee matusi yake mbele ya Mzungu?"

Nikamwambia kuna watoto. Akasema anajua kuna watoto, jana amewapelekea unga, kwani mimi nimewapelekea nini? Sikuwa nimewapelekea kitu. Nikamwambia atakuja kuitwa kwa karatasi ya boma. Akasema akiitwa atakwenda, yeye si mkimbizi.

Nilijaribu wengine waliokuwapo barabarani siku ile. Mwuza nyama aliniambia neno lililosamehewa halina masikio. Mwanamke mmoja mwuza nyanya, ambaye mjane aliapa alikuwa mstari wa mbele akishangilia, aliniuliza, "Ugomvi gani, kaka? Hapa Mlandege?" huku ananichagulia nyanya mbovu. Nilikuwa na hasira mpaka nilitaka kumtukana mtu mimi mwenyewe, nikaone kama nami nitakuwa mwenyeji.

Siku ya boma mfyatua matofali alikuja amevaa koti la sufu, amenyoa ndevu. Hakimu Mzungu, mzee asiyestahimili baridi, moto umewashwa nyuma yake. Upande wa Serikali kulikuwa na karani wa mambo ya kodi aliyekuwa akisoma magazeti yake bila wasiwasi. Wakili wangu akauliza vizuri sana, nikageuza vizuri sana.

"Je, ulipata kugombana na marehemu?"

"Ndiyo."

Nikaona wakili anapumua.

"Katika ugomvi huo alisema nini?"

Mzee akanitazama mimi, hakumtazama yeye. "Mwambie niliyonayo nitasema. Hilo sinalo tena. Nimelitoa mbele ya watu na mbele ya Mungu."

Nikageuza. Hakimu akauliza kama shahidi amesahau. Mzee akasema hajasahau. Akauliza kama anaogopa. Mzee akacheka kidogo. Akaonywa kwamba anaweza kutozwa faini. Akasema yuko tayari, akaingiza mkono mfukoni mwa koti papo hapo kama mtu aliye dukani, na hakimu mwenyewe akaona aibu, akamwambia autoe mkono mtupu. Basi tena. Yaliyobaki ni ya imamu na mzee wa soko: mgeni mwema, mpita njia, alikuja kwa heri. Karani wa kodi aliyaandika yote, wala hakuuliza swali.

Uamuzi ulikuja baadaye. Marehemu hakuonyeshwa kuwa na kwao hapa. Kwao ni kwa baba yake, Arabuni. Karatasi ziandikwe Adeni, atafutwe ndugu yake wa kiume wa baba mmoja, yeye ndiye atakayepewa nafasi ya kuomba usimamizi. Mpaka hapo kufuli libaki. Nilikuwa nimesimama pale nageuza maneno hayo kwa fundi cherehani, na fundi anasema, "Subiri, subiri, ndugu gani?" maana hakuna aliyewahi kumwona huyo ndugu wala kujua kama yu hai.

Lililonitia wazimu zaidi lilikuwa garini. Tulipofika karibu na Mlandege wakili akasema, kama anazungumza na kioo, "Na yule mama naye."

"Naye vipi?"

"Kwa sheria mke hana kwao kwake mwenyewe. Kwao ni kwa mume. Kwa hiyo naye kwao ni huko, Arabuni, mpaka aonyeshe vingine."

Nikasimamisha gari katikati ya barabara. Nikamwambia, bwana, mama yule amezaliwa pale, unaona ule mti wa mparachichi, nyuma yake. Hajapata kufika hata Dodoma. Akasema, "Najua." Nikamwambia hiyo sheria ni ya kijinga. Akasema, "Najua. Endesha." Alikuwa ameshika paji la uso, na mimi sikuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia, nikapiga honi kwa mbuzi ambao hata hawakuwa barabarani.

Wakili hakutaka kuingia ndani. Akanituma mimi. Nikakaa mkekani, pazia lile lile, nikaeleza yote kwa mpango, mpaka lile la mwisho, kwamba naye sasa ni mtu wa Arabuni. Nilitegemea kilio. Nilijiandaa kwa kilio.

Akauliza, "Jirani alisema nini hasa?"

"Alisema amesamehe, neno hana tena."

"Alisema hivyo mbele ya Mzungu?"

"Mbele yake, mama. Na faini alitaka kutoa."

Nikasikia mmoja wa mabinti anakoroga kitu jikoni, uji nadhani, ule unga wa jirani. Nikasema, kwa hasira yangu, kwamba yule mzee amewaponza na msamaha wake, angekuwa mtu mbaya kidogo duka lingefunguliwa leo.

"Usimseme," akaniambia. "Alichomfanyia mume wangu sikumbuki mtu mwingine aliyemfanyia. Nimshukuru wapi." Kisha sauti ikabadilika, ikarudi ile ya kupanga kazi. "Lakini mwulize wakili wako. Mtu akitaka kuonyesha kwao ni hapa, anagombana?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi msamaha ule ni wa jirani kwa mume wangu. Mimi hajaniomba, wala sijampa. Lile tanuri bado liko ndani ya mpaka wetu. Mwambie mzee namshukuru kwa unga, Mungu amlipe. Na mwambie nikitoka eda, aje na kamba yake ya kupimia, maana nitamsubiri barabarani."

Nikatoka, nikapita kwa mfyatua matofali, nikampa salamu zote mbili, ya unga na ya kamba. Alikuwa ananawa mikono.

"Amesema barabarani?"

"Barabarani, mzee."

"Mbele ya watu?"

"Nadhani ndivyo anavyotaka."

Akajifuta mikono kwenye koti lile la sufu, akalitazama tanuri lake, akasema, "Basi mwambie silisogezi. Asogeze yeye, kama anaweza." Akaniita tena nilipokwisha geuka. "Na useme kwa sauti, majirani wasikie."